Nyuma Iwe Nyeupe

Jumanne, Lodwar

Ni mimi niliyemwambia kwenye simu, "Mzee, nyuma iwe nyeupe." Kwa hiyo nimlaumu nani?

Mzee Ekal anataka kwenda ng'ambo kwa binti yake kabla mjukuu hajazaliwa, na picha yake ya viza imekataliwa. Nchi ya binti inataka nyuma nyeupe. Nchi atakapobadilishia ndege inataka ya kijivu. Moja inadai masikio yaonekane, nyingine haina haja na masikio ila inapima kichwa kwa milimita. Uso ni ule ule jamani! Wanakubaliana jambo moja tu, kwamba mtu asicheke.

Leo akaingia studio, shati mkononi. "Ejok, mama," akanisalimu kwa Kiturkana. Akanigeuzia mgongo. Ulikuwa umepakwa majivu kuanzia mabegani hadi kiunoni. Safari yote ya gari toka Kakuma hakuegemea kiti.

"Mke wangu amepaka. Imekuwa nyeupe?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, na hapo ndipo tulipoharibikiwa, maana kila nikiinua kamera anaanza upya. Nimetuma zile ambazo angalau mdomo umefungwa. Macho bado yanacheka. Wakizikataa tena, mtoto atazaliwa babu akiwa huku, na kosa ni la mdomo wangu.

Alipotaka kuvaa shati akasita. "Piga na mgongo. Mke wangu amehangaika."

Nikapiga. Ndiyo picha pekee ya leo iliyotimiza masharti: haina miwani, haicheki, na nyuma ni nyeupe kabisa.