Breki za Konokono

Makambako. Jumanne, katikati ya Julai.

Upepo umeamka kabla yangu leo, na baridi yake ni ile inayoingia kwenye vifundo vya vidole ikakataa kutoka. Nimekunywa chai mara mbili. Sina hamu ya kuonana na mtu.

Jana lilisimama gari chini ya nyumba yangu, kwenye gereji ya vijana. Ni aina ile ya gari ambalo watu wanalala humo, wanapika humo, wanaoga humo. Wenyewe walikuwa mume na mke wastaafu, wako safarini. Breki zao zilikuwa zinavuja upepo. Vijana walilitengeneza kabla ya adhuhuri, likaondoka, na habari yao ikaishia hapo. Ila mlio ule wa upepo unaotoroka mahali pasipoonekana, fsss, sikuwa nimeusikia tangu ujana wangu, na umenikalia sikioni.

Kwa hiyo leo nitaandika juu ya mtu ninayemdharau.

Nimejaribu maneno mengine. Chuki haifai, kwa sababu inampa mtu ukubwa asiokuwa nao. Msamaha nimeujaribu pia, kama mtu anavyojaribu kiatu cha mwenziwe, ukanibana. Dharau ndiyo iliyonikaa sawasawa.

Wakati ule nilikuwa fundi wa magari kwenye karakana ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Baba alikuja pale kukata mkonge akitokea kusini, akafia pale. Mama ni Mzigua wa Handeni, na baada ya msiba alirudi kwao, kwenye shamba la wazazi wake, si mbali na Chanika. Mkonge ulikuwa umekwisha kuwa mali ya taifa, na tuliambiwa karakana sasa ni yetu. Spana zilibaki zile zile.

Ndugu Mratibu alikuja mwaka ule wa kuhamishia watu vijijini. Jina lake silitaji. Alikuwa nalo, na alilipenda kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu waliokaa mbalimbali mashambani kwao wahame, wakae pamoja kwenye vijiji vya ujamaa. Wazo lenyewe sikulichukia. Nilisoma kila kitabu kilichofika kwenye maktaba ndogo ya mjini, na niliamini kwamba shule na maji haviwezi kumfuata kila mtu kichakani kwake. Naamini hivyo hata leo, kwa kiasi. Silisemi wazo. Namsema aliyelibeba, kama mtu anavyousema mkono mchafu ulioleta sahani.

Alitaka aitwe Ndugu. Ukimwita Bwana alikusahihisha mbele za watu, kwa upole mkubwa, mpaka ukaona aibu kwamba ulitaka kumheshimu. Kisha ndugu yetu huyu alirudi kulala ndani ya nyumba ya magurudumu.

Lilikuwa basi kuukuu la Mzungu mmoja mpima barabara, aliyeliacha uhuru ulipokuja. Viti vyote vilikuwa vimeng'olewa. Ndani kulikuwa na kitanda cha springi, meza, jiko la mafuta ya taa na pazia la maua. Watu wa Handeni waliliita Konokono. Fikiria: mtu anafika kwako na nyumba yake mgongoni, anakuambia kwamba nyumba yako iko mahali pabaya.

Hakuliona hilo. Hakuna kipofu kama mtu anayehutubia.

Dereva wake alikuwa Idi, mume wa dada yangu. Idi alikuwa mtu wa mzaha. Akinikuta na kitabu aliniambia, "Wewe soma maneno, shemeji, mimi nasoma kona." Na kweli alizisoma, zote, kutoka Korogwe hadi juu milimani.

Breki za Konokono zilikuwa za upepo. Kwa wasiojua, injini huzungusha kompresa, kompresa hujaza upepo kwenye matangi, na dereva akikanyaga, upepo ule ndio unaosukuma breki. Tangi likiwa tupu, unakanyaga bure. Gari halina habari nawe.

Ndivyo ilivyotokea wakiteremka kutoka Bungu, huko milimani. Idi alikanyaga, hakuna kitu. Akaliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima, likajikwangua ubavu mzima mpaka likasimama. Hakufa mtu. Ndugu Mratibu alipata uvimbe kwenye paji la uso, na uvimbe ule ukaitwa hujuma.

Neno hilo lilipendwa na wavivu wakati ule, maana lilimwokoa mtu na kazi ya kutafuta sababu. Mahindi yasipofika, hujuma. Pampu ikikauka, hujuma. Idi akafungiwa kwenye stoo ya ofisi, mgambo akasimamishwa mlangoni, ikasemwa kwamba Ijumaa atapelekwa Tanga kujibu. Dada yangu alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa kubwa. Watu waliopelekwa Tanga kwa neno lile, wengine hawakurudi, na waliorudi hawakuwa wale tuliowajua.

Gari likaburutwa hadi karakana yetu. Niliomba nilikague. Ndugu Mratibu alinijibu kwamba limekwisha kukaguliwa na mafundi walioletwa kutoka Handeni, nao hawakuona linapovuja. Sasa, kama halivuji, basi upepo ulifunguliwa kwa mkono wa mtu, na mtu aliyekuwa karibu ni dereva. Alinieleza hayo taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Hoja yake haikuwa na tundu. Tundu lilikuwa kwenye gari.

Hata hivyo alinikubalia, nadhani kwa sababu alitaka gari lake.

Unaanza kwa kuwasha injini na kutazama mshale wa kipimo cha upepo. Ulipanda, polepole lakini ulipanda, kwa hiyo kompresa ilikuwa hai. Unazima, unautazama tena. Uliteremka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Ndipo unapochukua maji ya sabuni, unapaka kila kiungo na kungoja povu. Sabuni ya mche siku zile ilikuwa kitu cha kuhangaikia. Dada alinikatia kipande cha mche wake, na sikuthubutu kumtazama usoni. Nikapaka matangi. Nikapaka mabomba ya shaba, nimelala chali vumbini. Nikapaka viungo vya breki kwenye kila gurudumu. Povu halikutoka popote, na mlio ule nilikuwa nausikia waziwazi juu ya kichwa changu.

Bomba moja jembamba lilitoka kwenye tangi, likapanda, likatoboa sakafu. Likaingia nyumbani.

Hapa namwomba msomaji asiye wa kwetu anielewe. Kuanzia pale kwenye ngazi, lile halikuwa gari tena. Lilikuwa na pazia, lilikuwa na kitanda, na ndara za mtu zilikuwa zimepangwa mlangoni. Mahali mtu anapolala ni kwake, na kwa mtu unabisha hodi. Usipokaribishwa, unarudi ulikotoka. Baadaye nilisikia kwamba mafundi wa Handeni nao walilifuata bomba lile lile hadi ngazini. Wakabisha. Mwenyewe hayupo. Wakarudi chini ya gari kupaka sabuni palepale walipokwisha kupaka. Nusu ya gari ilikuwa nyumba, na nusu hiyo haikukaguliwa na fundi yeyote. Idi alikuwa anakwenda Tanga kwa sababu ya adabu zetu.

Nami nikabisha, kama nilivyolelewa. Kimya. Ndugu Mratibu alikuwa kwenye banda la mashine akiwahutubia wafanyakazi, na sauti yake ilinifikia kwa vipande vipande: umoja, juhudi, maarifa.

Nikageuka niondoke. Kweli niligeuka.

Halafu nikaikumbuka Makuyuni. Muda mfupi kabla ya hapo nilipelekwa huko kutengeneza lori la kuhamishia watu, nikawaona mgambo wakiingia nyumba hadi nyumba. Waliingia watu wakiwa wanakula. Waliingia chumbani kwa mama aliyekuwa akinyonyesha, wakatoka na kitanda chake. Sikumsikia hata mmoja akisema hodi. Ndugu Mratibu alisimama nje, kivulini, akifuta miwani yake.

Nikavua viatu, nikaingia.

Nyuma ya pazia palikuwa na bafu. Mzungu yule alijitengenezea pipa la maji linalosukumwa na upepo wa breki, ili maji yamshukie kichwani kama mvua. Aliweka na koki ndogo ya kuufunga upepo akimaliza kuoga. Ndugu Mratibu hakuwahi kuigusa koki ile. Ilikuwa imeota kutu. Pipa lilikuwa kavu, maana Handeni kulikuwa na ukame na hata yeye alikosa maji. Bomba la kuogea aliliacha wazi, lingojee maji yarudi. Na upepo wa breki, ule ambao Idi aliutafuta kwa mguu kule Bungu asiupate, ulikuwa unatokea hapo, fsss, juu ya kisahani chenye sabuni ya waridi.

Nilikaa sakafuni kidogo. Kisha nikaikaza koki kwa spana, nikailowesha ile sabuni ya waridi, nikapaka. Hapakutoka povu. Nikaenda kuwasha injini, mshale ukapanda. Nikazima. Mshale ukakaa.

Nilidhani kazi imekwisha. Nilikuwa kijana, na kijana anadhani ukweli ukishaonekana kazi imekwisha.

Muungurumo wa injini ulimtoa Ndugu Mratibu mkutanoni, na nusu ya mkutano ikamfuata. Walinikuta nateremka ngazi, viatu mkononi. Nikamwambia upepo umekaa, kwamba ulikuwa unatokea bafuni kwake, na kwamba Idi hana kosa.

Hakuutazama mshale. Alitazama miguu yangu mitupu juu ya ngazi yake.

"Nani amekukaribisha?"

Nikamweleza tena habari ya koki. Nilikuwa bado naamini hajanielewa.

"Nimekuuliza, nani amekukaribisha nyumbani kwangu?"

Nyuma yake mwanamke mmoja wa kuanika singa za mkonge akamwambia mwenziwe, kwa sauti ya chini lakini ya kutosha, "Kumbe nyumba inauma, shoga." Watu wakacheka huku wameinama. Yeye hakugeuka. Mtu wa namna ile hacheki wala hagombi, anaweka akiba.

Idi alitolewa jioni ile. Mtu asidhani ilikuwa haki. Hapakuwa na dereva mwingine wa kulipitisha gari lile kwenye kona za milimani, na ziara zilikuwa zinangoja. Pole hakupewa. Aliambiwa alioshe gari. Neno hujuma halikufutwa. Lilihamishwa, kama vitu vyote vilivyohamishwa mwaka ule, likatua juu yangu. Niliingia makazi ya kiongozi bila ruhusa. Nikaondolewa karakana na kuambiwa nijiandae kwenda kwenye mashine za shamba la serikali huku nyanda za juu, ambako sikumjua mtu.

Hilo ningelibeba. Lakini mtu mdogo hashibi kwa adhabu moja. Shamba la mama halikuwa katika yale ya kuhamishwa; lilipakana na kijiji kipya, na wapimaji walikwisha kuliacha. Wiki ile likaongezwa. Mama apelekwe upande wa nyika, ambako hakuna aliyewahi kumwona mtu akivuna mahindi.

Nilikuwa kwake, nimekwenda kuaga, walipofika. Konokono mbele, lori nyuma. Kabla ya kufika kwa mama pana mteremko, na gari liliuteremka kwa kasi, nikamwona Idi amekaza macho mbele kama mtu anayepita makaburini. Likasimama pale pale kwenye kizingiti. Halikuserereka hata kidogo. Sijapata kuona breki zikishika vizuri vile.

Ndugu Mratibu hakushuka. Pazia tu lilicheza.

Mgambo wakaanza kutoa vyungu. Mama akafunga kanga kiunoni, akawapita kama watu wasiokuwepo, akaenda hadi kwenye dirisha la Idi. Hakuwa na desturi ya kumsogelea mkwewe hivyo; walizoea kusalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni. Idi akamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Breki zinashika, baba?"

"Zinashika, mama."

"Basi mwanangu anajua kazi."

Akaenda kwenye lori, akapanda mwenyewe. Mgambo aliyenyoosha mkono amsaidie aliurudisha.

Mama alizikwa huko huko nyikani. Mimi niliishia huku kwenye baridi, nikaoa huku, nikazeekea huku. Nasikia Ndugu Mratibu alipanda vyeo na kustaafu kwa heshima, na kwamba msibani kwake walisema alikuwa karibu na wananchi. Sishangai. Alikuwa karibu nao sana, alilala mlangoni kwao. Wala simwiti katili, maana ukatili unataka angalau umtazame mtu usoni.

Nimejiuliza leo, chai ikipoa, ingekuwaje kama ningeiacha koki ile wazi. Konokono lisingefika kwa mama. Idi naye angekwenda Tanga, na mpwa wangu, ambaye sasa ana wajukuu, angemjua baba yake kwa kusimuliwa. Ningeifunga tena. Ningeifunga hata kesho asubuhi kama ingebidi, na katika hilo sina majuto hata kidogo.

Linalonikera ni moja tu. Mtu yule aliendelea kuzunguka wilaya nzima juu ya kitanda chake, akapanda kila mlima na kuteremka salama, kwa breki zangu.