Nondo ya Kumi

Karakana ya Redio na Runinga,
Nyuma ya mashine ya kusaga.
Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute umeketi, na ikiwezekana umeshakula. Afya yako vipi? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwenye baridi kimepoa? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto limeanza kutabiri mvua, na mwaka huu halijakosea hata siku moja.

Simu nimekupigia mara tatu. Kila nikitaja nondo za shaba, mtandao unakatika. Ajabu mtandao huo, unajua kuchagua maneno. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua haikatiki, na dereva wa lori la saruji aliyekubali kuibeba anaondoka kesho asubuhi.

Mvua zimewahi. Wiki mbili zilizopita radi ilipiga karibu na nyumba ya mwalimu mstaafu, yule mzee wa kofia uliyemfungia dishi mwaka ule kabla hujasafiri. Dekoda yake ilizima palepale. Mwenyewe alikuwa nyuma ya meza ya runinga, ameshika waya wa dishi ili auchomoe. Kiganja cha kulia kiliungua, mpaka leo kimefungwa bandeji, na sikio moja halisikii. Hakufa. Namshukuru Mungu kwa neno hilo moja.

Waliniletea dekoda imeviringishwa kwenye taulo kama mgonjwa. Nikaifungua nikidhani ni kazi ndogo: umeme umeruka, fyuzi imekatika, tunabadilisha mtu anakwenda zake. Fyuzi nzima. Upande wa kupokea umeme nao mzima, mita inasoma vizuri. Nikageukia upande wa pili, pale waya wa dishi unapoingia. Hapo palikuwa peusi tii, shaba ya saketi imebanduka, na harufu yake sijaisahau. Nikaenda kwake, nikapanda juu ya paa kupima kichwa cha dishi, nacho kimekufa. Kwa hiyo radi haikupita kwenye soketi. Ilishuka kutoka kwenye dishi, ikakosa njia ya kwenda ardhini, ikaingia ndani kutafuta mtu.

Lakini njia si ilikuwepo? Waya wa kijani niliuona kwa macho yangu, umeshikizwa ukutani kwa vibanio, umenyooka kama mstari wa daftari, mpaka unazama kwenye udongo. Kazi safi kabisa. Nikachuchumaa, nikauvuta kwa vidole viwili tu. Ukaja wote, kama mchicha. Mwisho wake hakuna nondo, ile ya shaba inayopigiliwa ardhini kuipokea radi. Ni shibiri moja ya waya iliyozikwa, basi.

Kwanza nilijidanganya kwamba nondo imeibwa. Lakini mwizi wa shaba hawezi kuacha waya. Nikarudi karakana, nikahamisha zile runinga mbovu za nyuma, ambazo ni wewe peke yako uliyekuwa ukizipanga. Nondo zilikuwepo ndani ya gunia, na karatasi ya dukani bado imezibana. Nilikupa kumi, kwa nyumba kumi. Nimezikuta tisa.

Nakikumbuka kiangazi kile. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, nondo moja ingekula nusu siku ya nyundo. Siwezi kusema sikuelewi. Tena na mimi nina langu. Ulikuwa ukipiga kelele kutoka juu ya paa, "Picha, Mjomba?" nami najibu kutoka sebuleni, "Picha!" kisha tunakunja vifaa tunaondoka. Sikuwahi kutoka nje kuangalia chini. Sasa kila nikienda kumjulia hali mwalimu ananishukuru, nami natamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo nazunguka na jembe na nyundo. Udongo umelainika, nondo inazama kwa robo saa. Nimeanza na mwalimu, nikaenda nyumba nane nyingine, na zote tisa zilikuwa vilevile, waya umeshika udongo mtupu. Nimezipigilia zote. Ikabaki nyumba moja, ya mama yako. Hapo nikapata matumaini, maana nondo ya kumi haikuwa karakana. Nikasema, kijana ni mvivu, lakini mama ni mama.

Jumapili nikaenda. Dada yangu alikuwa ameshasikia, mji huu hauna siri. Nilipofika na jembe begani, nilimkuta ameweka kiti palepale waya unapozama, amekaa, anachambua mchele.

"Hapa hufukui," akaniambia. "Wale wengine ni wateja. Mimi ni mama yake."

"Dada, nataka kuona tu."

"Ukifukua maana yake humwamini. Mimi namwamini. Ingia ndani unywe chai."

Nikaingia, na kusema kweli niliingia na moyo mwepesi. Nondo moja haipo, nyumba moja imebaki. Nilitaka nini tena? Nikakaa jikoni kwenye kile kibao kifupi. Kikombe kilikuwa mdomoni nilipoinua macho dirishani.

Umeshajua nilichokiona. Pazia la jikoni, lile la maua ya bluu, limening'inia kwenye nondo ya shaba. Inang'aa. Anaisugua kwa ndimu na majivu kila Jumamosi. "Mwanangu aliniwekea hiyo wiki aliyosafiri," akasema. "Zamani pazia lilikuwa kwenye kamba, linalegea." Chai ilinishinda.

Sikumwambia. Nilimwomba tu achomoe waya wa dishi kila wingu linapotanda, akacheka, akaniuliza kama uzee umenifanya mwoga. Na hili ndilo linaloninyima usingizi: picha ikikwaruza, mama yako huinuka, anashika ule waya nyuma ya dekoda na kuutikisa mpaka irudi. Na picha hukwaruza mvua ikikaribia. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha.

Mpwa wangu, sikuandikii ili nikufokee. Hasira ninayo, mapenzi pia ninayo. Nataka jambo moja. Mpigie mama yako, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe, ili aniruhusu kuishusha ile nondo na kuipigilia mahali pake. Nondo haizuii radi, ila huipa njia isiyopita mkononi mwa mtu. Akiyasikia kwako atalia, kisha atasamehe, unamjua. Akiyasikia kwangu atabisha kwanza, na siku za kubishana hatuna.

Barua itakufikia Ijumaa. Nakungoja hadi Jumamosi jioni. Wingu likinitangulia, nitakwenda kulivua lile pazia mwenyewe, liwalo na liwe. Naandika haya saa tisa mchana na taa nimewasha. Redio hapa mezani imeanza kukwaruza, na hakuna aliyeigusa.

Mke wangu anakusalimu. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu, bado anauliza utarudi lini. Mwalimu naye anakusalimu, kwa mkono wa kushoto.

Mama yako anakusalimu kuliko wote. Ameniagiza nikuandikie maneno yake yalivyo: kwamba radi zikianza majirani wanahangaika, wanazima kila kitu, lakini yeye hana wasiwasi na wewe usiwe nao, maana dishi la nyumba yake lilifungwa na mwanawe.

Mola akulinde huko ugenini, na atushikie mvua hii siku nne tu.

Wako akupendaye, hata leo,

Mjomba wako