Ufa Katika Chujio la Marehemu

Jumanne, Mfungo Tano. Hapa Mabira mvua inanyesha tangu alfajiri, na tumbo linaniuma. Sijui kama ni hofu tu au ni lile lenyewe.

Naandika ili mikono ipate kazi. Binti yangu Salma amekaa kwenye mkeka hapa mbele yangu, anafunga na kufungua kitambaa cha duka. Nimeshamgusa paji la uso mpaka amenuna na kunigeuzia mgongo. Hana joto. Sasa hivi hana joto.

Yote yametokana na chujio. Mume wangu, Salim, alilileta mwezi uliopita. Alilipata kwa wapagazi wa Mdachi mmoja mpima ardhi, aliyefia njiani karibu na Kimuli. Ni makopo mawili ya bati, moja juu ya jingine. Ndani ya lile la juu umesimama mshumaa. Si mshumaa wa nta, ni kitu cheupe cha udongo uliochomwa, chenye uwazi ndani, ila umbo lake ndilo lililotufanya tuuite hivyo. Unamimina maji ya kisima juu, yanapenya udongo ule taratibu, uchafu unabaki nje, na maji safi yanadondoka kwenye kopo la chini. Unafungua bilula, unakunywa.

Mdachi mwenyewe alikufa kwa kuhara damu. Hilo ndilo lililonitisha tangu siku ya kwanza. Chombo cha kumkinga mtu na tumbo, na mwenye chombo kafa kwa tumbo! Salim akanicheka. Akasema wapagazi wamemweleza kwamba Mdachi alikunywa maji ya mtoni siku chujio liliposahauliwa kambini. Basi, kabla ya kuondoka na ngozi zake kwenda Bukoba, akaniachia maagizo: niusugue mshumaa kwa mkono mwepesi, niutie kwenye chungu cha maji baridi, niuchemshe, kisha niuache upoe humohumo chunguni. Aliyarudia yote tena akiwa mlangoni, maana ananijua.

Lakini mpagazi mmoja alikuwa amesema neno jingine, na hilo ndilo lililonikaa kichwani. Marehemu alikuwa na mbwa, na mbwa alikuwa akiteremshiwa lile kopo la juu anywe. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa Kurani, nimezaliwa Pangani. Ningali mdogo nilifundishwa kwamba chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Salim hakulitaja hilo. Nikasema moyoni, wanaume wa safari hawa, wanakula popote, wanakunywa chochote.

Nilichemsha kama nilivyoambiwa. Nilitandika jani la mgomba ndani ya chungu ili mshumaa usigongegonge. Maji yakatokota, yakageuka rangi, ikatoka harufu ambayo sitaki kuikumbuka. Mpaka hapo sikukosea. Ila adhuhuri ilikuwa inakaribia, nami nilitaka chombo kiwe tohara kabla sijasimama kuswali. Sikungoja kipoe. Niliutoa mshumaa ukiwa bado unafuka mvuke, nikautumbukiza kwenye karai la maji ya kisima niliyokwisha kuyavuruga na udongo mwekundu.

Nikasikia ta! Sauti ndogo tu. Nikadhani ni ukuni jikoni.

Nikausugua kwa nyuzi za mgomba, nikasuuza, nikarudia mpaka saba zikatimia, moyo wangu mweupe kabisa. Jioni ile nikaweka maji. Yalidondoka polepole, tone kwa tone, na yalikuwa yanang'aa.

Laiti ningekunywa peke yangu.

Jirani yangu anaitwa Kokugonza. Ni Mnyambo wa hapahapa, na shamba lake la migomba limepakana na ua wetu. Mvua za mwaka jana alimzika mwanawe wa kiume kwa kuhara damu. Tangu hapo binti yake mdogo, Kemilembe, hakunywa maji ila yaliyochemshwa. Mama yake alikuwa anachochea kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu, na watu walimsema kwamba msiba umemvuruga akili. Mimi kwa kimbelembele changu nikamwambia aache kujitesa, mtambo wa Wadachi upo, alete kibuyu achote. Alisita. Aliniuliza kama maji yasiyoona moto yanaweza kumfaa mtoto. Nilimcheka. Nikamshikisha bilauri, nikamwambia atazame mwenyewe kama ataona hata unyasi.

Akaacha kuchemsha.

Siku hizi za karibuni maji yakaanza kushuka kwa kasi. Nilifurahi, nikajisifu kwamba mkono wangu wa usafi ndio umeyafungulia njia. Mpaka leo asubuhi. Nimefungua kopo la chini nilipanguse, nikakuta tope jekundu limetulia chini, laini kama unga wa ulezi. Nimelitambua. Ni udongo wa karai langu, ule wa tohara. Na kama udongo umefika chini, umepita wapi?

Nimeutoa mshumaa, nikauzamisha kwenye maji, nikatia mdomo kwenye kijimrija chake cha kutolea maji na kupuliza. Mapovu yametoka mahali pamoja tu, makubwa, kwenye mstari karibu na shina. Nimepitisha ukucha pale, ukanasa. Halafu ndipo nilipokumbuka mdomo wangu ulikuwa wapi. Nimetema mate mpaka koo likakauka.

Sasa naelewa. Mshumaa ulipasuka siku ile ile, kwa moto na baridi vilivyokutana. Udongo wangu ukauziba ufa kwa muda, kisha maji yakauondoa kidogo kidogo. Maji ya kisima yamekuwa yakipita moja kwa moja, nami nawagawia watu na tabasamu juu. Niliogopa ulimi wa mbwa kuliko nilivyoyaogopa maji. Chombo ni tohara, hilo sina shaka nalo. Ila tohara haikuziba ufa.

Asubuhi nzima nimekaa roho juu. Namwogopea Salma, naye amekunywa humo. Namwogopea Kemilembe zaidi, kwa sababu yeye alikuwa salama kabla yangu. Na niseme ukweli wote: nilijiogopea mimi pia. Sisi hapa ni wageni, watu wa duka, watu wa pwani. Mtoto wa mwenyeji akifa kwa maji yangu, nani atakaa kusikiliza habari za ufa? Watasema tumemlisha kitu, na Salim yuko Bukoba, na mlango wetu ni wa matete.

Nikaanza kutunga maneno. Nitasema chujio limevunjika leo. Nitasema hivyo tu, nifunge mdomo. Atarudi kuchemsha, na hakuna atakayejua. Lakini mtoto akianza kuharisha usiku huu, mama yake atadhani kala kitu kibaya, atangoja mpaka kesho, na mimi nitakuwa huku nasikia kupitia migomba, najua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii nimewapa wengine bure kabisa, na leo imenirudia yenyewe.

Nilikuwa bado natunga nilipomsikia Kokugonza mlangoni. Kwa kawaida humtuma mtu. Leo amekuja mwenyewe, kajifunika jani la mgomba kichwani, kibuyu mkononi.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba, Mama Salma. Mvua hii, waitu! Nimekuja mbio, Kemilembe nimemwacha na bibi yake. Leo hataki kucheza."

Nikamwambia asichote, chujio lina ufa.

"Umeingia leo?" akauliza.

Tazama jinsi alivyonifungulia mlango, mwenyewe, kwa wema wake. Ningesema ndiyo, ingekuwa imekwisha. Nilitazama kibuyu chake, amekifunga shingoni uzi mpya wa mgomba kwa ajili ya maji yangu.

"La, dada. Siku niliyoliosha. Mimi ndiye niliyelipasua. Maji yote uliyochukua hapa ni ya kisima tu."

"Mawe!" akasema, kumwita mama kwa lugha ya kwao, na mkono ukaenda mdomoni. Kisha akasema taratibu, bila ukali, na afadhali angenitukana: "Nilikuuliza, Mama Salma. Nilikuuliza habari ya moto."

"Uliniuliza."

Akakiweka kibuyu chini, akatoka kwenye mvua. Jani lake liliangukia uani, hakurudi kuliokota. Nilimwona akikimbia kati ya migomba, mwanamke mzima, khanga imemganda miguuni, kisha sikumwona tena.

Nilitaka kumfuata. Sikumfuata, na sitasema ni kwa ajili ya Salma. Niliogopa.

Baada yake nimeuchukua mshumaa nikauvunja kwa jiwe la mafiga, nisije kesho nikadanganywa tena na weupe wake. Vipande ni vyeupe mpaka ndani, isipokuwa kwenye ule mstari. Pale ni pekundu. Salim atakaporudi nitamwonyesha, na atasema atakalosema.

Kisha nimebandika chungu. Kuni zimelowa, moshi umejaa nyumba nzima, Salma anakohoa na kulalamika. Amelia kiu, nami nimempepea maji yaliyochemka mpaka yakapoa, huku ananitazama kama mama asiyejua kazi. Amekunywa, ameomba tena. Bado hana joto.

Muda huu mvua imepungua. Nikisimama mlangoni naona moshi mzito unapanda juu ya jiko la Kokugonza. Anachemsha. Macho yake yatakuwa mekundu tena, na safari hii sitamwambia neno.

Kibuyu chake kiko hapa, kando ya mlango, kitupu. Kukicha nitakipeleka. Najua njia, ni hatua chache tu kupita migomba. Ila nikifika sitabisha hodi upesi. Nitasimama kwanza nje, nisikilize kama Kemilembe anacheza.