Kaka, Kule Juu kwa Mama Hukupima

Kaka Hoza,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama ndivyo alivyotulea, si kwa kuwa hasira imeniisha.

Unakumbuka siku tulipoupima msikiti wetu hapa Magamba? Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, wewe umeshika maputo, mimi nimepiga magoti na maikrofoni na kompyuta. Ulinifundisha vizuri, sikatai. Unapasua puto, mlio mmoja mkali, kisha unarekodi jinsi jengo linavyoujibu mpaka mwangwi uzimike. Jibu hilo ndilo linalokuonyesha namna ya kurekebisha spika ili sauti ya imamu ifike safi. Tukapima safu ya mbele, katikati, mpaka mlangoni penye viatu. Viatu vilipata kipimo chao.

Nikakuomba tupande ghorofani, nyuma ya pazia la akina mama. Wewe tayari ulikuwa unakunja nyaya. "Huko ni wanawake tu, watasikia," ukaniambia, na mimi nikakusaidia kuzikunja kwa kuwa wewe ni kaka. Hilo nalo linaniuma.

Kisha baba akafariki. Siku ya hitima ulikaa mbele, ukasikia kila neno, ukalia. Sisi kule juu tulipata mvumo tu. Nilimwona mama ameinua mikono, ametega sikio, anasubiri jina la mumewe. Watu wa chini wakaanza kutoka. Akanigeukia: "Wameshamwombea baba yenu?"

Walikuwa wameshamaliza, Kaka. Hakuitikia amina hata moja.

Nilipokueleza ulisema kipimo kilikuwa sahihi. Kilikuwa sahihi kwa pale uliposimamisha maikrofoni. Wiki iliyofuata ukahamia Dodoma, na mipangilio ya mitambo umeifunga kwa namba ya siri unayoijua peke yako. Nimepanda mwenyewe na vifaa, nikapiga mlio mfupi kupitia spika. Mlio ulinifikia mara mbili, kwanza kutoka spika ya juu, halafu ya chini, ndiyo maana maneno yanapandana. Spika ya juu inatakiwa kucheleweshwa kidogo tu. Ni kazi ya nusu saa, naiweza. Lakini wazee wa kamati wanasema tumsubiri fundi mwenyewe, na wewe kila nikikupigia unasema utakuja baada ya Idi. Idi ipi? Zimeshapita mbili.

Sasa sikuombi uje. Nataka hiyo namba, na nataka uwaambie wazee kwa mdomo wako kwamba ulikosea.

Naishia hapa kabla sijakuvunjia heshima. Ila ujue mama ameacha kupanda zile ngazi. Siku ya Ijumaa anatandika mswala wake chumbani na kufunga mlango. Nilimuuliza kwa nini haendi tena na wenzake, akanijibu bila hasira, hasira nimebaki nayo mimi: "Hapa angalau najua dua imefika wapi."

Mdogo wako, binti wa mama huyo huyo,
Zaina