Mgongo wa Shemeji Yako

Somanda, Bariadi
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Specioza,

Mwangaluka, mdogo wangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Nzega, wewe na baba watoto na wale mapacha wako wasiojua kutulia. Sisi hapa tunaendelea vizuri kiasi, na hicho kiasi ndicho kilichonikalisha mezani na kalamu. Najua umeshangaa kuletewa barua na kondakta wa basi wakati simu ninayo. Lakini kwako simu inapokelewa kwa spika nyumba nzima ikisalimia, na meseji zako watoto huzisoma kabla yako. Haya ninayokuandikia ni ya macho yako peke yako.

Kwanza nijitetee kuhusu kitenge. Umeniuliza mara tatu kama nimeshakishona kile cha njano ulichonitumia Krismasi, ukanicheka kwamba fundi cherehani mzima anashindwa kujishonea gauni. Ni kweli sijakishona, wala mkasi haujakigusa. Hata hivyo kimefanya kazi kubwa kuliko gauni, utaona mwenyewe.

Unakumbuka Mama alipohamia kwangu baada ya ukuta wa nyumba ya Dutwa kuanguka na mvua, uliuliza ataishije kwenye mji wa mkwe wake, yeye anayeinamisha uso hata akiona shati la Januarius kwenye kamba. Basi ameishi. Chumba chake kina mlango wa nyuma unaotazama kwa jirani. Januarius akirudi na fuso la pamba hupiga honi mara mbili pale kwenye kona, Mama anachukua kigoda chake anaingia ndani, ndipo gari nalo linaingia. Mwaka wa nne huu hawajatazamana. Salamu zao zinapita kwangu, asubuhi na jioni, na siku nikigombana na Januarius nazifikisha hivyohivyo huku nimenuna. Malimi wangu mdogo akisikia honi ya gari lolote Somanda hii anakimbia kumbebea bibi yake kigoda.

Sasa, mwezi wa sita dereva mwenzake Januarius, anaitwa Luhende, alipasuliwa ngiri. Alipona, ila ng'ombe wake wawili wa kulimia waliishia hospitali, na msimu huu analima kwa mkono. Januarius alirudi kutoka kumtazama, akala ugali nusu, kisha akasema sisi tukate bima kabla hela ya pamba haijaisha. Wiki hiyohiyo akaja binti mmoja wa kampuni ya bima, Goodness, mzaliwa wa Moshi, msichana mchangamfu mwenye simu mbili na fomu kwenye begi la mgongoni.

Alitueleza vizuri, tena bila haraka. Familia yetu ni watu sita: Januarius, mimi, watoto watatu na Mama. Kifurushi kidogo kingetutibu kuanzia zahanati mpaka hospitali ya hapahapa, malaria, vidonda, kujifungua, dawa za kawaida. Kifurushi kikubwa kilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei, lakini kinafika hadi kwa madaktari bingwa Mwanza, na upasuaji wake umo. Alisema tusichague kwa kutazama bei peke yake, tujiulize kwanza nani kati yetu anaumwa nini, na nani anaelekea kuumwa. Maneno ya maana sana, na ndiyo yaliyonichoma baadaye.

Shida ikaja kwenye kuandikisha. Goodness alitaka mkuu wa kaya akae na wategemezi wake wote, ili yeye awaulize maswali na kuwapiga picha. Mama aliposikia kwamba anaandikwa mtegemezi wa mkwe wake alitaka kurudi Dutwa kwa miguu. Alisema tangu lini mama mkwe akawa mtoto. Nikambembeleza, Malimi naye akalia, mwisho akakubali, ila kukaa na Januarius uwanja mmoja, hapana. Goodness wa watu akatukodolea macho, kwao hawana haya mambo kwa ukali huu. Ndipo nilipotoa kitenge chako sandukuni, nikakitundika kwenye kamba ya nguo katikati ya uwanja. Januarius akakaa upande wa barabara na watoto, Mama upande wa jiko, mimi nikawa napita huku na huku na fomu. Majirani walidhani tunaigiza.

Maswali yalikwenda vizuri mpaka la magonjwa ya muda mrefu. Januarius akasema yeye hana. Nikavuka upande wa pili, nikainama kwa Mama. Mama akaninong'oneza kidogo, kisha akasema kwa sauti kwamba ni magoti tu, magoti ya uzee. Nikaandika hakuna. Basi kwa kuwa sote tulikuwa wazima, tulichagua kifurushi kidogo, na hela iliyobaki ikawa ya matofali ya kile chumba cha watoto. Nilifurahi, nikapika wali.

Siku ya tatu Januarius akarudi mchana, kapiga honi zake mbili, akasimama katikati ya uwanja ameshika kiuno. Akasema kwa sauti ambayo hata kwa jirani ilifika kwamba mgongo unamuua, kwamba dereva wa fuso hawezi kutegemea bima inayoishia Bariadi, na kwamba kesho niende kwa Goodness tubadilishe, tuchukue kikubwa. Nilikuja juu, mdogo wangu. Nilimwambia mgongo gani huo, mtu aliyepakia marobota jana yake akiimba. Nikamwambia watoto watalala kwenye matofali yapi. Alikwenda kulala kifudifudi kama mgonjwa, nami nikabaki nabamiza masufuria.

Usiku ule nilimuuliza taratibu. Akaniuliza na yeye, bila hasira, kama nilidhani kitenge ni ukuta.

Specioza, sasa nimefika pale nilipokuwa napakwepa tangu mstari wa kwanza. Mama alikuwa anatokwa na damu. Damu ile ya kike, iliyokwisha kukoma kwake sisi tukiwa bado wasichana. Aliniambia Pasaka, baada ya kuniona nimekuta vitambaa alivyofua na kuficha chini ya godoro. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata wewe, na mimi nikaapa. Nilimletea dawa za mizizi kutoka kwa mama mmoja wa sokoni, nikajidanganya kwamba inapungua. Siku ya kitenge aliponinong'oneza alisema hivi: usitaje habari ya damu, mkwe wangu yupo hapo. Mimi nikaona kumstahi mama ndiyo kumpenda, nikaandika hakuna kwa mkono wangu huuhuu. Nilijua, mdogo wangu. Niliichagua bima ya watu wazima huku nikijua mama yetu anaumwa. Ukitaka kunikasirikia una haki, ila nikasirikie ukiwa njiani unakuja.

Kesho yake nilikwenda kwa Goodness peke yangu nikamweleza yote. Hakunisema. Alirekebisha fomu, akatuhamishia kifurushi kikubwa, akaniambia ugonjwa uliofichwa hawaulipii, uliotajwa wanaulipia baada ya siku sitini. Nilikuwa naziweka alama kwa chaki kwenye meza ya cherehani. Kadi zilipoanza kazi katikati ya mwezi wa nane nilimpeleka Mama, nikimwambia wenye kadi wote lazima wapimwe. Wamemkuta na uvimbe kwenye kizazi. Wamechukua kinyama kwenda kupima, majibu bado, na tumepewa rufaa ya Mwanza, kizazi kitolewe Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Daktari hakunidanganya. Alisema hajui bado ni uvimbe wa aina gani, na kwamba tungekuja Pasaka angefurahi zaidi. Maneno hayo nalala nayo.

Kwa hiyo nakuomba uje, ufike hapa si zaidi ya Ijumaa ya tarehe ishirini. Januarius ameazima Noah ya bosi wake kutupeleka mwenyewe, na ameshapima kamba ya kutundika kitenge chako kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Nataka uwe kiti cha nyuma umeshika mkono mmoja wa Mama, mimi nishike wa pili. Naogopa, Specioza. Mbele ya watoto sionyeshi, lakini naogopa sana.

Nisalimie baba watoto na mapacha wote wawili. Watoto hapa wanakuamkia, Malimi anauliza kama utaleta karanga. Januarius anakusalimu, anasema asante kwa kitenge. Na Mama anakusalimu sana, anasema usiache nyumba yako kwa ajili ya safari yake ndogo, lakini nilimwona amekuandalia mkeka tayari.

Leo tukitoka kanisani aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. Sijui siri ya mgongo ule ameijua lini, wala hakuniambia amejuaje. Alinituma tu nimfikishie mkwe wake salamu: anampa pole ya mgongo, anamwombea upone, na asante, wabheja sana. Nilikwenda nikazifikisha. Januarius alikuwa chini ya fuso anakaza nati. Alimaliza kuikaza, kisha akasema nimwambie Mama kwamba mgongo unaendelea vizuri.

Wako akupendaye, anayekungoja stendi,

Dada yako Milembe