Barua Iliyobisha Hodi Mara Kumi na Moja

Shangazi mpendwa, nina neno ambalo nyumbani siwezi kulisema, naomba unisaidie.

Mimi ni fundi wa kompyuta hospitalini, ndiye ninayewaimbia wenzangu kila wiki kwamba barua pepe usiyoitarajia usiifungue, na hospitali yetu imo katika kikundi cha taasisi arobaini hivi, kuna benki, kampuni ya maji, chuo, hata washindani wetu wa hospitali ya ng'ambo ya mji, na utaratibu wetu ni kwamba aliyevamiwa na wezi wa mtandao humpelekea mratibu alama zao, yaani anwani wanayotumia na kichwa cha barua yao, naye mratibu hufuta jina la aliyeleta kisha hututumia sote. Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, ikaja tahadhari kuhusu ankara ya uongo ya mitungi ya oksijeni, nikaifungia njia anwani ile, nikamimina chai, na chai haijapoa nikaona kwenye kioo cha kompyuta barua ileile inabisha hodi kwetu, inakataliwa, inabisha tena, mara kumi na moja, na ghorofa ya juu watu wanapasuliwa, mashine zinapumua kama kawaida, hakuna aliyejua. Mtu nisiyemjua alikuwa ametusimamia mlangoni, Shangazi.

Sasa juzi ikaja barua, "Ratiba mpya ya zamu za wauguzi", nikadhani ni ya muuguzi mkuu, nikaifungua, mimi mwenyewe mwimbaji. Nusu saa tu wezi wakazifunga faili za miadi ya wagonjwa, nikang'oa nyaya mbio, na siku mbili makarani wakaandikisha wagonjwa kwa mkono. Mkurugenzi hajui ni mimi. Amesema, "Hili lisitoke nje, wale wa ng'ambo watatucheka mpaka wachoke." Na kikundini hospitali ni mbili tu, kichwa kile kitatutaja hata jina likifutwa. Lakini wifi yangu ni muuguzi kulekule ng'ambo, wodi ya watoto njiti. Jana kanipigia, "Wifi, mbona umeninyamazia?" Nikamwambia nina mafua. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Mafua

Fundi,

Pole, na mafua yako yapone leo. Kufungua barua si dhambi, hata mpishi huungua. Ila siku mbili umekaa na habari hiyo huku wifi yako akiwapokea watoto wasiojua hata kunyonya, hapo nimekukasirikia. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini atatiaje maji ikiwa umejifungia ndani unanyolewa kimyakimya?

Umenisimulia muujiza wako nami nikausoma mara tatu, kisha nikajiuliza swali ambalo wewe, kwa hofu, hukujiuliza. Ankara ya mitungi ya oksijeni hutumiwa nani? Benki inanunua oksijeni? Kampuni ya maji je? Umesema mwenyewe hospitali ni mbili, na moja ni yenu.

Kaa chini kidogo, mwanangu. Mimi nilikaa.

Sasa inuka. Chapisha tahadhari ile ya oksijeni, uiweke mezani kwa mkurugenzi. Mwambie kwanza kwamba ni wewe uliyefungua, usimzungushe. Kisha muulize walioileta waliijuaje kama hawakuumwa nayo. Akikataa bado, mwombe aandike kukataa kwake na kutia sahihi. Utaona kalamu inavyokuwa nzito. Akikubali, mpelekee mratibu anwani na kichwa cha barua kama kilivyo, usikipunguze neno, maana ndicho wauguzi wa kule watakachokiona. Ukimaliza, mpigie wifi yako, umwambie umepona.

Wale wa ng'ambo nao wana mkurugenzi anayeogopa kuchekwa. Walijua mtawatambua, wakatuma hivyohivyo, nanyi mkapata kunywa chai.