Kofi la Pili

Kigali, 3 Februari 2024

Papa mpendwa,

Salaam aleikum. Mimi mzima, cherehani inanilisha. Mgongo wako unaendeleaje? Viatu vya watu wa Kamembe unavyovishona bado vinakukunja kutwa nzima?

Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu nikitaja lori unakata. Barua huwezi kuikata. Nimeanza kujifunza lori, nitafute permi, leseni ya kategoria C. Kiwandani Bugarama wanataka madereva wa kubeba saruji, hata wanawake. Najua tangu Mama afe nyuma ya lori ulilokuwa ukiendesha hukugusa tena usukani. Lakini mimi nilikulia ndani ya lile lori, Papa, na kazi nyingine siipendi. Naomba radhi yako tu. Bila hiyo nitaendesha, ila moyo hautatulia.

Barua nampa Delphin wa basi.

Binti yako,
Nasiba

Gihundwe, 21 Februari 2024

Binti yangu,

Waaleikum salaam. Mgongo unauma kama kawaida, viatu vipo, njaa hakuna.

Cherehani imekukosea nini? Breki zilimuua mama yako, na breki haziulizi kama dereva ni mwanamke au mwanamume. Radhi sina. Nimempa Delphin sambaza zilizokaushwa, dagaa wetu wa ziwani, akuletee. Zikague, maana na yeye anazipenda.

Papa yako

Kigali, 14 Mei 2024

Papa,

Salaam aleikum. Sambaza zilifika, zimepungua kidogo. Nilishikwa na homa, sasa nimepona.

Nimeanguka kwenye mtihani. Barabarani nilifanya vizuri, nikaharibu kwenye kurudi nyuma. Unakumbuka ulivyonifundisha: anayesimama nyuma akipiga bodi makofi mawili, rudi, akipiga moja, simama. Kwenye mtihani hakuna wa kupiga. Nilitega masikio badala ya kutazama vioo, nikaangusha nguzo.

Mwalimu wangu, mzee Munyemana, alicheka sana, akauliza ni nani aliyenifundisha kuendesha kwa masikio. Nikakutaja. Akaacha kucheka. Alisema ni yeye aliyekabidhiwa lile lori siku ya tatu baada ya mazishi. Alilileta Kigali, akavuka Nyungwe na milima yake yote, bila fundi kuligusa. Breki zilikuwa nzima.

Papa, siku ile kulitokea nini?

Nasiba wako

Gihundwe, 30 Juni 2024

Binti yangu Nasiba,

Natumaini homa haijarudi. Barua hii nimeichana mara nne.

Munyemana hakukudanganya. Siku ile konvwayeri wangu, anayenisimamia nyuma, alikuwa ameenda msibani Nyakarenzo. Mama yako alikuwa amekuja depo na vitenge vyake vya kuvusha Bukavu. Aliniona nahangaika peke yangu, akaweka mzigo chini, akacheka, akasema, "Hamdani, leo ni miye konvwayeri yako." Akapita nyuma. Alipiga mawili, tena mawili, vizuri kabisa. Halafu akapiga moja.

Nililisikia. Hilo ndilo sijamwambia mtu. Radio ilikuwa imezimwa, depo kimya. Nilidhani hajazoea, anachelewa kupiga la pili. Nikalisubiri, na lori bado linatembea. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Watu walisema ni breki, nami nikawaacha waseme. Miaka yote hii nimeogopa siku utakayoniuliza.

Papa yako

Gihundwe, 8 Septemba 2024

Nasiba,

Salaam aleikum. Uko mzima? Unakula? Delphin anasema sambaza za mara hii ulizipokea, hukusema neno. Simu yako inaita tu.

Sikuombi kitu. Ila ukirudi kwenye mtihani, usiamini masikio. Shuka, nenda nyuma, tazama kwa macho yako, ndipo upande tena. Mimi ningetembea hatua kumi tu, na nilizionea uvivu. Radhi uliyoniomba ninakupa, kama bado ina kazi.

Papa yako,
Hamdani

Kigali, 1 Desemba 2024

Papa,

Salaam aleikum. Mimi mzima, na ninakula. Natumaini mgongo haukusumbui sana kwa mvua hizi.

Permi nimepata. Katikati ya kurudi nyuma nilivuta breki ya mkono, nikashuka. Nilisimama kati ya bodi na nguzo, mahali aliposimama Mama. Ni padogo, Papa. Nilikaa pale mpaka polisi wa mtihani akauliza namtafuta nani. Nikamwambia, "Hakuna, afande." Nikapanda, nikarudi mpaka mwisho, nguzo sikuigusa.

Nimekuchukia miezi mitano. Siku nyingine nakuonea huruma, halafu nakumbuka ulivyoniambia ni breki huku umenishika mkono kaburini, na chuki inarudi. Radhi yako nimeipokea. Msamaha hukuniomba, na hata ungeniomba, bado sina.

Kazi nimepewa. Ijumaa tarehe sita, baada ya swala, nitapita Gihundwe na saruji. Nyumbani sitaingia, siwezi. Lakini toka nje. Usikae nyuma ya magari ya watu. Simama mbele, upande wangu, nikuone vizuri.

Nitapiga honi mara moja. Usisubiri ya pili.

Binti yako,
Nasiba